Mgeni Mweusi wa Ukoo wa Mume Wangu

Mama yangu alipopata habari kwamba nataka kuolewa na Mzungu wa Toronto, hakuuliza kama ana tabia nzuri wala anasali wapi. Aliuliza, "Wanaume wa ukoo wao huwa wanakufa na ugonjwa gani?"

Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha gorofa yetu kule Parkdale, simu sikioni, nikitazama tramu zikipita chini. Nilimwambia kwamba huku watu hawaulizani mambo kama hayo. Akasema kwetu Bukoba tunaulizana. Na ni kweli. Posa ikiletwa, wazee hutumwa kimyakimya kwenda kuuchunguza ukoo wa pili. Mwiko wao ni mnyama gani? Kuna kifafa? Kuna watoto wanaokufa wadogo? Mama alikuwa na sababu zake zaidi ya mila. Mdogo wangu alikufa kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma, na mimi mwenyewe nimebeba nusu ya ugonjwa huo. Tangu tulipomzika, Mama aliamini kwamba kabla ya kuuliza jambo lolote kuhusu mtu, unauliza habari za damu yake.

Basi nilimwuliza mchumba wangu. Akacheka. "Wanaume wa kwetu hawazeeki," alisema, kana kwamba anasema wanaume wa kwetu ni warefu. Baba yake alikufa kwa ini. Babu yake, moyo. Nilimpelekea Mama jibu la ini, naye akauliza, "Alikuwa mlevi?" Nikajibu kwamba watu ndivyo wanavyosema. Mama aliguna, na harusi ikafungwa.

Habari nyingine zote za ukoo huo nilizipata kwa shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Alikuwa mjane anayeishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali huko Agincourt, mkutubi mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Jumapili nyingi tulikwenda kunywa chai kwake. Mume wangu alikuwa amezisikia hadithi zake tangu utotoni, hivyo alilala kwenye kochi wakati mimi nasikiliza. Nilizipenda kwa sababu zilifanana na za kwetu.

"Zamani Mwairishi alikuwa na jina lake na la baba yake, basi," aliniambia. "Baba akifa, jina lake linaishia kwa watoto wake. Halafu, yapata miaka elfu moja iliyopita, familia zikaanza kushikilia jina la babu mmoja na kukataa kuliachia. O maana yake mjukuu, mzao wa fulani. Mac maana yake mwana wa fulani. Mwana wa mhunzi, mwana wa malenga, mzao wa yule shujaa. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mkuu alichaguliwa miongoni mwa ndugu waliochangia baba wa babu mmoja."

Nilimweleza kwamba kwetu jina langu ni langu, la pili ni la baba, la tatu la babu. Nilipoingia Canada, ofisa aliyenipokea alihitaji jina la familia, akachukua la mwisho. Ndiyo maana hadi naolewa, kazini kwangu Markham, ambako nachonga lenzi za miwani, wenzangu walikuwa wananiita kwa jina la mzee mfugaji aliyekufa kabla sijazaliwa. Shangazi alipiga makofi kwa furaha.

"Hivyo hivyo! Walitufanyia hivyo hivyo!" alisema. Waingereza walipotawala, makarani waliandika majina ya Kiairishi kwa jinsi masikio yao yalivyosikia. Watu wengi wakaidondosha O na Mac ili wapate kazi na wasionekane waasi. Wajukuu wao walikuja kuzirudisha baadaye, na wengine wakakosea, wakajipachika O mahali palipokuwa na Mac. Wanawake walipoteza zaidi, maana binti alikuwa na kiambishi chake, Ní au Nic, kinachoonyesha kwamba yeye ni binti, si mwana. Kwenye Kiingereza hakukuwa na nafasi ya kitu hicho.

"Na jina letu?" nilimwuliza.

Sitaliandika hapa, kwa kuwa sasa ni jina la mwanangu pia. Lakini maana yake ni mzao wa mgeni mweusi. Shangazi alinieleza kwamba Wavikingi walipofika Ireland na mashua zao ndefu, wenyeji waliwagawa mafungu mawili: wageni weupe na wageni weusi. Hakuna anayejua kwa hakika weusi huo ulikuwa wa nini. Wengine hudhani nywele, wengine mavazi ya vita. Baadhi yao walibaki, wakaoa, wakawa Wairishi, na jina likabaki. Kisha alinitazama, akacheka mpaka akatoa miwani kufuta macho.

"Umeolewa kwa mgeni mweusi, mwanangu, na mgeni mweusi wa kwanza kuonekana kwetu ni wewe!"

Nami nilicheka. Alinisimulia pia jinsi ukoo ulivyofika Toronto wakati wa njaa kubwa ya viazi, jinsi meli zilivyoshusha watu wenye homa kando ya ziwa, wakalazwa kwenye mabanda ya mbao na kufa humo kwa wingi. Kijana mmoja wa ukoo wetu alitoka hai. Wote walioko Ontario ni uzao wake. Nilikuwa nimeanza kusema "ukoo wetu" bila kufikiri. Miaka ilikuwa imepita, binti yetu alikuwa amezaliwa na kuanza shule, na mimi nilikuwa nimejiona mwenyeji.

Hofu ilinianza majira ya baridi ya mwaka ambao binti yetu alitimiza miaka minane.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Ana mikono mipana yenye madoadoa, na nilizoea kumwona akifungua kifuniko chochote kwa vidole viwili. Asubuhi moja alishika kikombe cha chai na kukirudisha mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto. Alisema ni spana. Kliniki ya karibu walisema ni baridi yabisi, kazi za mikono zina gharama yake, wakampa vidonge vya maumivu. Kisha akaanza kuchoka. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akalala na koti. Binti yetu alimvuta mkono akimwambia kwa Kiingereza kwamba ameahidi kumpeleka kuteleza barafuni, maana mtoto huyu Kiswahili anasikia vizuri lakini hajibu nacho. Baba yake hakufungua macho.

Halafu rangi yake ikabadilika. Katikati ya theluji, wakati Wazungu wote kwenye tramu wamepauka kama unga, yeye alikuwa anaiva. Haukuwa wekundu wa jua. Ulikuwa weusi wa shaba, wa kijivu kidogo, usoni, shingoni, na zaidi kwenye mikunjo ya viganja. Wenzake kazini walimtania kwamba amekwenda Cuba kwa siri. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, mama mmoja alimshika shavu, akaniambia, "Dada, umemgeuza Mhaya sasa!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, na nilijua kwamba kama nitajaribu kucheka, nitalia.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Agincourt. Tulikuwa hatujaonana na Shangazi tangu vuli, kwa sababu alikuwa amevunjika nyonga na kukaa muda mrefu kituo cha mazoezi. Alitufungulia mlango akiegemea fimbo. Mume wangu akainama kumbusu, akavua kofia na skafu. Shangazi alimtazama usoni. Kisha akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakitazama muda mrefu. Tabasamu lote likamtoka.

"Mgeni amekuja," alisema.

Nilidhani anamkaribisha ndani. Lakini mume wangu aliuondoa mkono haraka, akasema, "Shangazi, usianze." Ndipo nilipofahamu kwamba kuna jambo watu hawa wawili wanalijua, na kwamba mume wangu alikuwa analiogopa kabla yangu.

Alitoka na mtoto kwenda kuchezea theluji uani. Nilimfuata Shangazi jikoni, nikafunga mlango.

"Mgeni gani?" niliuliza.

Alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizungumza bila kuamrisha. Alisema wanaume wa ukoo wao, wakikaribia umri wa makamo, huanza kuwa weusi. Si wote. Babu yake alikuwa hivyo, baba yake pia, na kaka yake, yaani baba mkwe wangu. Wazee walisema ni jina linajitokeza, kwamba yule mgeni wa kaskazini bado yumo damuni, na akitoka nje kwenye ngozi amekuja kumchukua mtu wake. Kwanza mikono inakakamaa, kisha rangi, kisha sukari au moyo au tumbo kujaa maji. Hakuna aliyepona.

"Na hamkuwahi kumwambia daktari?"

"Tungemwambia nini? Kwamba tuna jina baya?" Alizungusha pete yake kidoleni. "Kaka yangu alipolazwa na ini, daktari aliuliza swali moja tu. Anakunywa kiasi gani? Kaka alisema hanywi. Daktari akatabasamu, akaandika. Mwanangu, kaka yangu aliapa kanisani akiwa kijana kwamba hatagusa pombe, na hakugusa. Hata kwenye harusi yake alinyanyua maji ya machungwa. Lakini alikuwa Mwairishi mwenye ini bovu. Hata mkewe mwishoni alianza kutafuta chupa kabatini. Alikufa anatuangalia usoni mmoja mmoja, aone nani anamwamini."

Kupitia dirishani nilimwona mume wangu amesimama kwenye theluji na mikono makwapani, na binti yangu akimrushia madonge. Binti huyo ana vidole vya baba yake.

Wiki zile niliishi kama mtu anayebeba sufuria la maji ya moto kwenye chumba kilichojaa watoto. Nilikagua ngozi ya mume wangu mchana kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwogesha mtoto ambaye hahitaji tena kuogeshwa, ili nimtazame viganja. Jina lenyewe likaanza kunitisha. Lilikuwa kwenye sanduku la barua, kwenye mkoba wake wa shule, kwenye kitambulisho changu cha kazini, na kila nilipoliona nilisoma maana yake. Mimi nimesoma, nachonga lenzi kwa vipimo vidogo kuliko unywele, lakini nilianza kuogopa mtu aliyekufa miaka elfu moja iliyopita.

"Twende kwa daktari wetu, Mzee," nilimwambia mume wangu. Nimemwita Mzee kwa utani tangu tulipooana.

"Nilishakwenda kliniki. Ni baridi yabisi."

"Hukuwaambia habari za baba yako."

"Na sitawaambia." Alikuwa anafunga kamba za viatu, vidole vinamkatalia. "Unajua watakachoniuliza. Wataniuliza nakunywa kiasi gani. Halafu wewe utaanza kufungua makabati."

"Mimi?"

"Mama yangu pia hakudhani angefanya hivyo."

Nikapiga magoti nikamfunga kamba. Hakunizuia, na hilo liliniogopesha kuliko maneno yake.

Nilimpigia Mama siku hiyo hiyo, saa za chakula cha mchana, nikiwa kwenye maegesho ya magari Markham ili wenzangu wasisikie. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako iko hivyo?" Nilimweleza yote, mikono, rangi, jina, baba mkwe, babu. Nilitegemea atasema tumwite padri.

"Hakuna mtu anayeuawa na jina," Mama alisema. "Wanarithishana kitu. Sisi si tulidhani mdogo wako amerogwa? Bibi yako alitaja hadi jirani aliyemroga. Kumbe kilikuwa kimetoka kwangu na kwa baba yako, nusu na nusu, na sote wazima. Huyo bibi anayewajua wafu wote, mpeleke yeye kwa daktari. Aseme kama alivyokusimulia wewe."

"Mume wangu amekataa."

"Kwani nimesema mumeo? Nimesema bibi. Bibi akitangulia, atamwachaje peke yake?"

Ikawa hivyo. Shangazi alipanga miadi, akamtaka mume wangu ampeleke kwa gari kwa sababu ya nyonga, na tulipofika akamshika mkono na hakumwachia. Tukaingia watatu kwenye chumba kidogo chenye viti viwili. Daktari wetu alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka. Aliuliza nani mgonjwa.

"Familia nzima," alisema Shangazi.

Alieleza akiwa amesimama. Alianza na maana ya jina, nami nikaona daktari akitupia jicho saa ya ukutani, nikaogopa kwamba tumempoteza. Lakini alipofika kwenye rangi ya babu yake, daktari aliacha kuandika. Alipotaja vidole, daktari aligeuka na kiti, akamwomba mume wangu aonyeshe mikono.

"Vidole hivi viwili? Mikono yote?"

"Ndiyo."

"Na marehemu baba yako alikuwa na kisukari?"

"Miaka ya mwisho," Shangazi alijibu. "Na hakunywa pombe. Tafadhali, andika hilo. Hakunywa pombe."

"Naandika," alisema daktari, na kweli aliandika.

Alituambia kwamba hatupi jibu kabla ya vipimo, lakini anashuku ugonjwa wa kurithi ambao ni wa kawaida sana kwa watu wenye asili ya Ireland. Mwili wa mtu asiye nao huchukua kwenye chakula madini ya chuma unayohitaji na kuyaacha mengine yapite. Mwili wenye ugonjwa huu hauachi. Unapokea kila siku na hauna njia ya kuyatoa, hivyo yanajazana kwenye ini, kongosho, moyo, viungo, na hata ngozi, ambayo hugeuka rangi.

Mume wangu alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kuna dawa?" niliuliza.

"Tunatoa damu. Damu ikitoka, mwili hutumia chuma ulichokificha ili kutengeneza nyingine. Tunaendelea hivyo hadi akiba ishuke, kisha mara chache kwa mwaka, maisha yake yote."

"Hiyo tu?" Shangazi aliuliza.

"Hiyo tu, kama tumewahi kabla ini halijaharibika."

"Na kaka yangu, ingewezekana?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kama angegunduliwa mapema, ndiyo."

Shangazi aliketi kwenye kiti cha pili, fimbo mapajani.

Kungoja majibu ndiyo iliyokuwa sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa hofu ilikuwa na sura. Kumbe mgeni alikuwa ni chuma, na kilikuwa kimekaa ndani ya mtu ninayelala naye, na hakuna aliyejua kimekula kiasi gani. Kazini niliharibu lenzi mfululizo. Nilipika maharage na spinachi, halafu nikakumbuka kwamba vina chuma, nikamwaga sufuria nzima, nikakaa sakafuni. Mume wangu aliingia akanikuta hapo. Alikaa kando yangu.

"Naogopa," alisema. Tangu tujuane hakuwahi kulisema neno hilo. "Nilipokuwa mdogo nilimwogesha baba yangu tumbo lake. Lilikuwa kama ngoma. Nimekuwa nikilitazama tumbo langu kwenye kioo tangu nilipotimiza miaka thelathini."

Nilimshika tu.

Majibu yalikuwa kama daktari alivyoshuku. Nakala mbili za kasoro ya vinasaba inayoleta ugonjwa huo, moja ya baba na moja ya mama yake, ambaye naye ana asili ya Ireland na hakuwahi kujua kwamba amebeba kitu. Akiba ya chuma ilikuwa kubwa kiasi kwamba daktari alirudia kipimo. Ultrasaundi ilionyesha ini lenye makovu. Makovu yale hayatatoka, alisema, lakini ini bado linafanya kazi, na tukianza sasa linaweza kumbeba mpaka uzeeni.

Wakaanza kumtoa damu kila wiki. Mama alishtuka kusikia. "Mgonjwa ndiye anatolewa damu? Si aongezwe?" Nilimweleza tena na tena, na kila nikieleza nilijieleza mwenyewe, maana nilikaa kwenye ukumbi wa hospitali nikitazama mfuko ukijaa na moyo wangu haukuamini. Mwanzoni alitoka ameyumba. Lakini kufikia majira ya joto alikuwa hasinzii tena na koti mwilini, na rangi ilianza kupungua, kwanza kwenye viganja. Vidole havijanyooka. Bisibisi ndogo sasa anamwachia mwenzake.

Kwa binti yetu, daktari alituambia kwamba hakuna haja ya kubahatisha. Baba mwenye nakala mbili lazima ampe moja. Moja peke yake haimfanyi mtoto mgonjwa, labda kama angepata ya pili kwangu. Basi nikapimwa mimi. Jibu likaja kwamba sina. Lakini hilo halikuniletea usingizi kama nilivyotarajia, kwa sababu tulijua tangu alipozaliwa kwamba nusu ya selimundu aliichukua kwangu. Mwanangu amebeba hatari ya kwetu na hatari ya kwao, nusu kwa nusu, na yuko mzima, anaruka kamba. Siku moja atampenda mtu, na mtu huyo atakuwa na damu yake.

Shangazi alichukua simu na kuuzungukia ukoo. Alipiga Ontario nzima na kwingineko, kwa sauti yake ya kuamrisha, akiwaambia wapimwe. Wengine walikwenda. Wengine walisema bibi amechanganyikiwa tangu avunjike nyonga. Kaka mkubwa wa mume wangu, dereva wa malori anayeishi Hamilton, alikata simu. Tulimfuata. Alitufungulia mlango akiwa na macho ya njano.

"Mmekuja kuniambia mimi mlevi?" aliuliza.

"Tumekuja kukuambia kwamba si mlevi," mume wangu alijibu.

Alitukaribisha kahawa, akatusikiliza hadi mwisho, akasema atakwenda akirudi safari. Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kujaa chini ya fulana. Mume wangu hakuzungumza njia nzima ya kurudi. Hatimaye shemeji alikwenda, kwa gari la wagonjwa. Ini lilikuwa limeota uvimbe, na kutoa damu hakukuwa na maana tena. Akafa masika, akiwa mweusi kuliko baba yake, alivyosema Shangazi, na akimwamini ndugu yake kwamba hakufa kwa aibu yoyote.

Walimuaga kwenye ukumbi wa kanisa, Wairishi wanavyofanya, jeneza wazi, chai, sandwichi, na watu wakisimulia vichekesho vya marehemu. Ukoo mzima ulikuwepo. Nilisikia wanaume wawili nyuma yangu wakinong'ona, "Pombe, kama baba yake." Nadhani Shangazi naye alisikia. Alisimama kando ya jeneza, akagonga sakafu kwa fimbo mpaka ukumbi ukatulia.

"Kaka yangu hakunywa pombe," alisema. "Mtoto wake huyu alikunywa kidogo kama ninyi wote, na si hiyo iliyomuua. Wameuawa na kitu mlichonacho ninyi mlioshika vikombe hapo. Kinapimika. Kinatibika. Atakayesema tena neno pombe mbele yangu, atoke."

Hakuna aliyetoka. Mazungumzo yalirudi polepole, kwa sauti za chini, na mimi nikaenda jikoni kuosha vikombe kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Wanawake wakaanza kunifuata humo, mmoja mmoja. Wake wa mabinamu, watu niliozoea kuwapa salamu za mbali tu. Mmoja alinionyesha picha ya mumewe kwenye simu, akaniuliza kama rangi ndiyo ile. Mwingine aliuliza kama wasichana nao hupata, nikamwambia ndiyo, ila mara nyingi huchelewa kuonekana kwa sababu ya hedhi na uzazi. Walisimama karibu sana nami, na niliona kwenye nyuso zao ile hofu niliyokuwa nayo dirishani kwa Shangazi.

Wa mwisho alikuwa mwanamume, binamu wa mume wangu, mtu mkubwa mwenye ndevu nyekundu. Alisimama mlangoni, mikono mifukoni, akatazama nyuma kuhakikisha mkewe hamwoni.

"Wanasema wewe unajua kuangalia," alisema.

"Mimi si daktari, shemeji."

"Najua."

Hakuondoka. Nilifuta mikono yangu kwa taulo, nikamwambia asogee chini ya taa, nikamwomba aitoe yake mifukoni.